Gitaa la Kulia

Ibra, Jumapili, 6 Oktoba 2024

Azza mwanangu,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na mumeo Osama na hao watoto wako wanaonijua kwa picha tu. Najua utashangaa kupata karatasi mkononi wakati simu unayo na mimi ninayo. Simu yangu anayeishika ni Dalal. Ndiye anayenisomea, ndiye anayeniandikia, na mkinitumia sauti anazifungua kwa nguvu hata jirani Ghaniya anazisikia dirishani kwake. Nami nina jambo sitaki mjukuu wangu alijue mpaka limfikie mlangoni. Kwa hiyo nimeutafuta mwandiko wangu wa skuli ya Unguja, nimeukuta upo, umepinda kidogo kama mwenyewe. Barua hii nampa Mahrous, ambaye kila wiki anapita Nizwa na gari lake la mizigo. Ukijibu mpe yeye. Atasimama Bidbid kunywa chai na ataifikisha ina alama ya kikombe, lakini ataifikisha.

Jambo lenyewe ni gitaa. Usicheke. Dalal anapiga gitaa, tena si mchezo wa mwezi mmoja. Alianza kwa Shurooq, binti wa Ghaniya, akawa kila baada ya alasiri yuko huko, na Shurooq akimwazima anarudi nalo nyumbani kama aliyebeba mtoto mchanga. Sasa Shurooq anahamia Maskati, chuoni, na gitaa anakwenda nalo. Mjukuu wangu hajasema neno. Lakini namwona mezani vidole vikicheza juu ya kitambaa wakati chakula kinapoa. Baba hana, mama yake ameolewa Salala na ana watoto wengine wa kulea. Nimebaki mimi, nami nataka nimpe kitu anachokitaka kweli, si kitu ninachokitaka mimi akipende.

Sijui gitaa zuri wala bovu. Wewe ulikaa na wapigaji tangu mdogo, unajua. Rangi chagua wewe, duka chagua wewe. Sharti langu ni moja: nataka gitaa la kulia. Sitaki jingine. Wenye duka wakikwambia hawana, ngoja mpaka wapate, na wasipopata usiniletee kitu. Gitaa la kulia, Azza. Sababu unaijua, usinitake niiandike.

Mimi kesho kutwa nakwenda Sur. Wifi yangu Fatma ameanguka bafuni amevunjika nyonga, nitakaa naye siku kadhaa. Njia ile unajua siipendi. Nikikaribia pale penye daraja najifunika shela usoni mpaka dereva aniambie tumepita.

Niombee dua.

Khalti yako,
Turkiya binti Himid


Nizwa, 14 Oktoba 2024

Khalti yangu, shikamoo.

Kiswahili yangu unaijua, ni ya jikoni, na tangu Mama, dada yako, afe hata jikoni sina wa kusema naye. Usinicheke ukiona makosa. Ukinicheka, nicheke na Ghaniya tu.

Barua yako nimeipata Jumatano nikishuka kutoka Jabal al-Akhdar, kazini. Hoteli imejaa siku hizi, wageni wanapanda kutafuta baridi, na mimi nasimama mapokezi mpaka miguu inavimba. Ijumaa nimekwenda dukani. Muuzaji kijana mmoja mwenye maswali mengi. Nyuzi za chuma au za nailoni? Kubwa au saizi ya msichana? Anapiga kwa mkono wa yamini au wa yasari? Nikamwambia sijui, khalti yangu hakuniandikia hayo. Akanionyesha moja nyekundu kama ua la mlimani kwetu, akataka na kunipa mkanda wa kuvaa begani na kibanio cha nyuzi, na nilikuwa nimeshatoa kadi. Halafu nikasema ngoja, nikarudi garini nikaisoma barua tena.

“Gitaa la kulia. Sitaki jingine. Sababu unaijua.”

Mara ya kwanza nilidhani ni msemo wa Unguja wa zamani. Mara ya pili nikafahamu. Nikalia pale pale garini mpaka mwanamke mmoja akagonga kioo kuniuliza kama nataka maji.

Khalti, siku za msiba wa Hazim sisi sote tulilia. Mimi nililia kwa binamu yangu mpaka sauti ikakauka. Wewe ulikuwa unapitisha kahawa. Ulimuuliza kila anayeingia kama ameshakula. Watu walisema mashaallah, Turkiya ana imani, na mimi nilikuwa nakuangalia naogopa. Siku ya tatu uliniita chumbani, ukanipa gitaa yake ndani ya sanduku, ukaniambia, “Peleka Nizwa, nisiisikie.” Hukulia hata hapo. Ndiyo maana nimeisoma barua yako na nimefurahi kwa ajili yako, ingawa machozi yananitoka. Miaka tisa ni mingi. Leo umeitaka mwenyewe, na hukutaka kuandika jina lake, na mimi nimeelewa kwa nini.

Gitaa iko juu ya kabati langu. Sasa nikwambie kitu anachokijua Osama peke yake. Inasema. AC ikianza kunguruma, uzi mmoja mle ndani unaitikia, ule mnene. Nimeifunika blanketi, ikasema chini ya blanketi. Nimeipeleka chumba cha wageni, wageni wakaniuliza kuna nini kabatini. Siku moja napiga pasi, niko peke yangu, ikaanza, na mimi bila kufikiri nikasema, “Hazim, basi,” kama tulipokuwa wadogo akinisumbua na masomo. Ikanyamaza. Najua AC ilikuwa imezima. Lakini pasi niliiweka chini na sikuendelea siku ile.

Sijaifungua hata mara moja. Nyuzi ni zile zile alizozifunga mwenyewe. Nampa Mahrous pamoja na barua hii. Dalal umwambie ni ya nani au usimwambie, hilo ni lako. Na ukilia, khalti, nipigie simu. Usiseme kitu, nitajua.

Mwanao,
Azza


Ibra, 16 Oktoba 2024

Shangazi Azza, shikamoo.

Mimi ni Dalal. Nasikia Kiswahili yote lakini kuandika sijawahi, samahani. Bibi anasema mtu akikupa zawadi unamshukuru kwa lugha ya nyumbani, usimtumie picha ya maua kwenye simu. Kwa hiyo nashukuru sana sana.

Bibi bado yuko Sur. Mahrous alileta jana sanduku na barua. Barua ina jina ya bibi, nimeiweka juu ya friji na sijaifungua, wallah. Sanduku haina jina, nikaifungua. Sasa Mahrous amekwenda Jaalan Bani Bu Ali na mizigo, leo jioni anapita tena kurudi Nizwa, kwa hiyo naandika haraka.

Shangazi, ulijuaje? Mimi ni wa yasari. Hapa nyumbani napiga kwa yamini kwa sababu bibi akiona mkono wangu mwingine kwenye nyuzi anatoka chumbani. Anatoka tu, anakwenda kufagia mahali ambapo pamefagiwa. Kwa Shurooq nilikuwa nageuza gitaa yake chini juu, nyuzi zote zinakuwa kinyume, nimejifunza hivyo hivyo. Hii sikugeuza. Nimeiweka kwenye paja na kila kitu kilikuwa mahali yake. Chini ya shimo rangi imekwisha, mtu alikuwa anaweka kidole gumba hapo. Kidole changu kimekaa hapo hapo. Niliogopa kidogo. Halafu nilifurahi, halafu niliogopa tena.

Ni ya Baba, sivyo? Nilikuwa na miaka saba. Gitaa siikumbuki, lakini sanduku nilipoifungua nilijua harufu. Kama bibi amekwambia usiseme, basi usiseme, mimi nitafanya kama sijui.

Nyuzi zimeshika kutu, moja imenikata kidole. Kama unaweza kutuma nyingine nitashukuru, kama huwezi si neno, nimefunga plasta.

Nakwambia siri. Katika simu ya zamani ya Mama kuna video, Baba anapiga nyimbo moja. Uso hauko, mikono tu. Mwaka mzima nimejifunza ile nyimbo na gitaa ya Shurooq. Sasa naweza kuipiga kwa mikono kama yake. Bibi anarudi kesho, Alhamisi. Nitakuwa napiga yeye akiingia. Yeye ndiye aliyekuomba uilete, kwa hiyo maana yake anataka kuisikia tena, na hajui kama mimi naijua. Nimefurahi sana sana.

Dalal


Ibra, 20 Oktoba 2024

Azza,

Nilikuandikia la kulia. Niliandika mara mbili katika barua moja. Kulia, mwanangu: mkono wa kulia, mkono wa kula wali, huo mnaouita yamini. Gitaa lililotengenezwa kupigwa kwa mkono huo. Umeniletea la kushoto, na katika magitaa yote ya kushoto yaliyomo Omani umeniletea lile.

Alhamisi nimerudi kutoka Sur na gari la watu. Pale penye daraja, maji ya wadi yalipomchukua mwanangu, nimejifunika kama siku zote. Nimeshuka langoni kwangu, mkoba mkononi, jua bado kali, na nikamsikia. Sisemi nilisikia gitaa. Nilimsikia Hazim. Wimbo wake ule, na pale katikati alipokuwa akikawia kidogo, kama mtu anayepapasa mfukoni kutafuta ufunguo, akakawia. Azza, wala sikuogopa. Nilifurahi. Furaha ile sikuipata hata siku niliyomzaa. Nilijua yumo chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda kifua wazi, na nitamwambia avae fulana, watu watapita. Nilipita uani mbio, na magoti yangu haya. Nikaita, “Hazim.”

Sauti ikaitika, “Naam, bibi.”

Baadaye nilijikuta nimekaa kizingitini na kiatu kimoja. Mtoto ananiletea maji, na kikombe amekishika kwa mkono ule ule. Nikakipiga kikaruka. Sijapata kumfanyia hivyo mtoto yule tangu aje mikononi mwangu, na wewe ni shahidi.

Nitakwambia sasa kwa nini nilitaka la kulia, kwa kuwa nilidhani unaijua sababu na kumbe huijui. Mtadhani ni mambo ya adabu, mkono wa kushoto na haya za wazee. Adabu haimo. Marehemu alikuwa mtu wa kushoto na sikumkemea hata mara moja. Lakini Dalal na baba yake ni shilingi kwa ya pili, na nikiuona mkono ule juu ya nyuzi naona kama Hazim ameanza kurudi kidogo kidogo, mkono kwanza. Siwezi kukaa kumngojea aliyebaki. Nikasema nitamnunulia mtoto gitaa la kulia, apige anavyotaka, usiku na mchana, mradi awe mtu mwingine.

Gitaa nimelitia stoo nyuma ya magunia ya mchele na ufunguo uko shingoni mwangu. Dalal hakugomba. Anakula, anaosha vyombo, anakwenda skuli. Vidole havichezi tena mezani, ameviweka vimetulia juu ya paja kama vya mgonjwa. Ndilo linaloniuma zaidi, angenilaumu ningepumua. Na stoo nayo haikai kimya. Friji ikianza kunguruma jikoni, kitu kinaitikia ukutani. Barua yako nimeisoma, najua ni uzi, najua ni ule mnene. Kujua hakujanisaidia kitu. Jana asubuhi nimesimama mbele ya mlango ule na unga mikononi nikasema, “Mwanangu, wataka nini kwangu?” Mwanamke wa umri huu, nazungumza na mchele.

Barua hii nampa dereva wa basi, gitaa halichukui; Mahrous akirudi wiki ijayo nampa alirudishe kwako. Liweke kabatini, au mpe mtu, au litupe wadini lilikotakiwa kwenda naye. Mimi nisilisikie.

Turkiya


Nizwa, 23 Oktoba 2024

Khalti, shikamoo, na nisamehe.

Barua yako nimemsomea Osama, tukaangaliana. Kwetu yamini ni yamini. Mama alikuwa akisema yamini, watoto wangu wanasema yamini. Mama akiwa mkali alisema mkono wa kuume, basi. Kulia mimi nimejifunza moja tu, ya macho. Hiyo nyingine nimeijua kwa barua yako, na nina miaka thelathini na nane. Wallahi sikukuchezea.

Jana Dalal ameniandikia kwenye simu maneno mawili tu: “Bibi hakupenda.” Nimemuuliza hakupenda nini. Akasema, “Nimepiga vibaya pale katikati.” Khalti, mtoto anadhani umekasirika kwa sababu amekosea. Alijifunza wimbo ule mwaka mzima kwa ajili yako. Alidhani wewe ndiye uliyeitaka gitaa ile, na mimi ndiye niliyemfanya adhani hivyo, kwa hiyo usimwachie yeye kubeba makosa ya Kiswahili yangu.

Ukiirudisha nitaipokea. Lakini juu ya kabati haipandi tena, nakwambia mapema. Nitampa mtu, na mtu huyo ataipiga, na siku moja utakuwa harusini au sokoni utaisikia, na hapo hutakuwa na ufunguo wowote shingoni.

Kitu kingine nimekaa nacho siku mbili, sijui kukisema vizuri. Wewe unaogopa Hazim anarudi. Mimi nimelala na gitaa yake juu ya kichwa changu miaka tisa. Nimeisikia ikisema mara ngapi sijui. Nimeisemesha, nimeisomea Kur-ani, nimeifunika. Nakwambia kama mtu aliyengojea kuliko wewe: hakurudi. Ni AC. Nimeiogopa AC miaka tisa, na nikiandika hivi nalia, kwa sababu ilikuwa afadhali kuogopa.

Natuma nyuzi mpya. Muuzaji wa maswali mengi ndiye aliyezichagua, safari hii nilikuwa na jibu la kumpa. Mwache Dalal azifunge mwenyewe. Wewe kaa mbele yake, macho wazi, bila shela. Mwambie apige anachotaka yeye, kwa mkono anaoutaka. Halafu amua. Ukisema irudi, itarudi, na sitaongeza neno mpaka siku yangu ya kufa.

Mwanao,
Azza


Ibra, 3 Novemba 2024

Azza mwanangu,

Mahrous amepita kwako mikono mitupu, kwa hiyo umeshajua nusu ya barua hii.

Nusu ya pili ni hii. Nyuzi zako zilikaa juu ya meza tangu zilipofika, kila mmoja wetu anazizunguka kama kitu cha mgeni. Nilifuta meza nikazinyanyua, nikafuta, nikazirudisha. Jumatano nikaenda soko la wanawake kununua uzi wa kofia, nikarudi nikamkuta amelala juu ya mkeka, na mkono wa kushoto ameulalia, ameuweka chini ya ubavu wake. Labda alilala hivyo tu kama watu wanavyolala. Mimi niliona mtoto anauficha mkono wake hata usingizini, nikaona haya. Nikamwamsha, nikauvua ufunguo, nikampa. Nikamwambia, “Kalete, ufunge hizo nyuzi, mimi niko hapa.”

Alikaa sakafuni, mimi nikakaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu, hatua chache tu. Anajua kazi yake mtoto huyu. Alilegeza uzi mmoja mmoja, na kila mmoja ulipolegea ulitoa mlio wa kushuka, kisha ukawa waya tu. Akafika kwenye ule mnene. Mdomo wangu ukasema peke yake, “Huo uache.” Akanitazama. Akasema kwa upole, “Bibi, mmoja wa zamani utaharibu wote.” Akangoja. Niliona kuwa nikimwambia aache, ataacha, ataufunga upya na kutu yake na hatanilaumu. Nikamwambia endelea. Akautoa.

Alipomaliza kufunga mpya akaliweka gitaa pajani, akaniangalia kuona kama nitanyanyuka. Sikunyanyuka. Akaanza.

Mimi nilikuwa nimejiweka tayari, Azza. Nilikuwa namngojea. Unajua unavyosimama uwanja wa ndege kumpokea mtu, kila kichwa kinachotokea mlangoni unasema huyu, siye, huyu, siye. Hivyo ndivyo nilivyoutazama mkono ule. Nilimtafuta mwanangu kidole kwa kidole. Hakutokea. Dalal anapiga haraka kuliko yeye. Anahesabu kwa midomo. Hazim akikosea alikuwa akinuna na kulitia gitaa kwenye sanduku, huyu akikosea anacheka peke yake anarudia mwanzo. Anauma mdomo wa chini kama mama yake. Mkono ulikuwa wa msichana mwenye kucha fupi na alama ya plasta, ndio kwanza imetoka, na alikuwa akipiga vitu vyake vya Kizungu nisivyovijua. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani.

Nikasema basi, huenda ni wimbo. Nikamwambia apige ule wa babake. Akasita, nikamwambia sitakasirika. Akapiga. Alipofika katikati, pale, nikazishika pambizo za kiti. Akapita moja kwa moja bila kukawia.

Nikamwambia, “Mbona hapo hukukawia kama siku ile?”

Akasema, “Siku ile uzi ulikuwa unanikata kidole, bibi. Ndiyo nilikosea.”

Azza, hapo ndipo nilipojua Hazim amekufa. Utasema nilijua tangu walipomleta. Nilijua kama unavyojua jina la mji ambao hujaufika. Nilimwosha uso kwa mikono yangu hii, nikapitisha kahawa, na miaka yote hii nikawa nafunga milango na kujifunika mashela kumzuia asirudi, na sikufahamu kwamba anayemzuia mtu asiingie anaamini yuko nje anabisha. Nje hapakuwa na mtu. Nililia mpaka Dalal akatupa gitaa juu ya kitanda akanikumbatia. Nililia kwa sauti, mimi niliyekuwa nikiwaambia wenzangu walie kwa adabu. Nilijaribu kukupigia kama ulivyosema na sikuona tarakimu.

Ghaniya alisikia, akaja kwa mlango wa nyuma bila kubisha, mikono ina samli, akidhani imefika habari mbaya kutoka Sur. Akasimama pale akauliza, “Kafa nani?”

Nikamwambia, “Hazim.”

Mwanamke yule alikuwepo msibani. Alikaa nami siku zote zile, alipika sufuria kubwa mara mbili kwa siku. Angeweza kuniambia nimerukwa na akili. Alifuta mikono, akavua viatu, akaja akakaa chini mbele yangu, akaushika mkono wangu akasema, “Mungu amrehemu, Turkiya. Mungu akupe subira. Alikuwa kijana mwema.” Kama ndio kwanza habari imefika. Nikamwitikia inavyopasa kuitikiwa, na safari hii maneno niliyasikia.

Dalal alikuwa amesimama anatutazama, hajui aondoke au akae. Akaniuliza kwa sauti ndogo alirudishe stoo? Nikamwambia hapana. Nikamwambia kaa, Ghaniya hajakusikia bado.

Akakaa, akapiga.

Khalti yako,
Turkiya binti Himid